Rimu za Inchi Ishirini

2 Machi

Gari limefika leo asubuhi juu ya lori. Nilikuwa namjaribishia mteja fremu ya miwani, nikatoka mbio mlangoni na fremu yake mkononi, nikamwacha maskini anapapasa meza. Nimemwomba radhi na skrubu nimemkazia bure.

Ni gari la milimani, la kijani kibichi, refu, na ndani lina harufu ya duka la viatu. Nalipenda. Naandika hapa waziwazi kwa sababu kuna watu katika nyumba hii wataniuliza kama najuta. Nalipenda.

Wa kwanza kulitia dosari ni mume wangu. Ameendesha malori miaka thelathini na moja, mpaka jicho lake la kushoto lilipozimika na leseni ikaenda nalo. Tunamwita Bwana Gia, kwa sababu hawezi kumaliza sahani ya chakula bila kutaja gia. Alilizunguka gari mara tatu, mikono mgongoni, akachuchumaa mbele ya gurudumu, akapima kwa vidole.

"Mama," akasema, "tairi lenyewe liko wapi? Mimi naona rimu tu."

Rimu ni za inchi ishirini, zinang'aa mpaka unaweza kujitazamia meno. Tairi lililozizunguka ni jembamba kweli, kama mkanda wa suruali. Sikuzitaka mimi. Nilitaka breki. Miaka minne iliyopita, nikishuka mteremko wa kwenda shule ya bondeni na gari letu la zamani, breki zilichemka. Nilikanyaga, pedali ikaenda mpaka sakafuni kama nimekanyaga mto wa kulalia. Gari lilisimama ndani ya kichaka cha miiba, mimi mzima, sanduku la lenzi mapajani. Tangu siku hiyo nikifika juu ya mteremko ule mguu wangu unatafuta breki wenyewe. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya muuzaji nilisema, nipe breki kubwa kuliko zote mlizo nazo.

Breki kubwa haziuzwi peke yake, ziko kwenye kifurushi, na ndani ya kifurushi kuna rimu za inchi ishirini. Ukitaka rimu ndogo zenye tairi nene, unapewa na breki ndogo. Nani huko kiwandani aliamua kwamba mtu wa njia za mawe hana miteremko, na mtu wa miteremko hana mawe, sijui. Nilisaini.

Fomu ya oda ina kurasa nane. Nimeikunja nikaiweka kwenye kidroo cha dashibodi. Bwana Gia ameniuliza tena leo kama niliisoma yote. Niliisoma yote.

5 Machi

Nimeliosha. Halikuwa chafu.

10 Machi

Mvua za kwanza. Leo tumekwenda shule ya bondeni kupima macho, mimi kwenye usukani, Bwana Gia pembeni na ubao wa herufi kati ya magoti.

Mteremko una kona saba. Nilikanyaga breki kuanzia ya kwanza hadi ya saba, sikuachia hata mara moja, na zilishika. Kweli zilinuka, lakini zilishika. Nilipofika chini nilijisikia mtu.

"Zimenuka," akasema Bwana Gia.

"Zimeshika," nikamwambia.

"Sijasema hazikushika. Nimesema zimenuka."

Watoto sitini na nane, ishirini na sita wanahitaji miwani. Mmoja sitamsahau. Ni msichana mrefu wa darasa la mwisho, anasoma pua ikiwa imegusa kitabu, akigeuza kichwa chote mstari kwa mstari. Wenzake wanamwita Pua. Nilimpima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Mtoto huyu amekaa shuleni miaka yote hii na hajawahi kuona ubao. Anauona ukuta na kitu cheusi ukutani.

Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya upole, alinivuta pembeni. "Ana akili huyu, acha tu. Mwaka jana hakumaliza karatasi hata moja ya mtihani, kwa sababu ya kusoma hivyo. Mwaka huu anarudia. Hakuna kurudia mara ya pili, mama. Mtihani ni tarehe kumi na nne Mei."

Nikamwambia, "Kabla ya hapo atakuwa na miwani puani." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye gari jipya.

Wakati wa kurudi, njia ya mawe, tairi la mbele kushoto likapasuka. Pwaa! Nilidhani tumepigwa risasi. Jiwe lenyewe halikuzidi ngumi. Bwana Gia alitoa jeki bila kusema neno, na kutosema kwake kulinikera zaidi.

11 Machi

Ishirini na sita. Nimeagiza lenzi. Za Pua zitachelewa, namba zake hazikai dukani.

16 Machi

Mvua. Wateja wawili, mmoja amekuja kujikinga tu.

19 Machi

Leo nimekwenda kwa shemeji. Ni mdogo wake Bwana Gia, fundi wa magurudumu na breki, ana banda lake nyuma ya kituo cha mafuta. Nampenda kama ndugu, lakini mdomo wake hauna breki kubwa wala ndogo. Ukimpelekea pancha anakupa hotuba. Miaka yote nimekuwa nikimpelekea gari na kukaa mbali, kwenye benchi, na pamba masikioni.

"Shemeji, umeuziwa mbuzi kwenye gunia!" Ndiyo salamu yake. "Hili gari limetengenezwa lipande mlima, halafu wamelivalisha viatu vya harusini! Tairi ndiyo godoro, shemeji. Likiwa nene, jiwe linazama kwenye mpira. Likiwa jembamba, jiwe linakutana na chuma, na mpira umebanwa katikati. Utapasua kila wiki!"

"Basi nivalishe rimu ndogo."

Akacheka. Akaenda kuleta rimu ya inchi kumi na nane ya gari la aina hiyo hiyo, akafungua gurudumu langu, akajaribu kuiingiza. Ikagoma. Akaniita nichungulie. Breki zangu ni kubwa mno. Ule mkono wa chuma unaobana diski, wenyewe wanauita kalipa, unagusa rimu kwa ndani. Nafasi inayokosekana ni kama unene wa lenzi moja.

"Unaona?" akasema. "Breki zako ndizo zinazokulazimisha rimu zako. Labda kiwanda kitengeneze rimu ndogo yenye tumbo pana. Hicho kiwanda, shemeji, kingetaka, kingeshindwa?"

Akaendelea hivyo kwa muda wa saa nzima. Niliondoka na tairi jipya jembamba na kichwa kikiniuma.

27 Machi

Nimepiga simu kwa wauza magari. Kijana wa huko ana adabu ya kukutia hasira.

"Mama, kifurushi ni kifurushi."

"Sikatai. Nauliza kama kuna namna ya kupata rimu ndogo zinazokubali breki hizi."

"Mama, masharti yote na nafasi zote za mteja ziko kwenye fomu. Umeisoma fomu?"

"Nimeisoma."

"Basi unajua."

Nikakata simu. Bwana Gia alikuwa mlangoni anakung'uta mwavuli. "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema haiwezekani. Ndivyo nilivyoelewa.

30 Machi

Mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa muziki, ameniuliza leo, "Wewe mbona unasoma risiti kwa kunyoosha mkono hivyo?" Nimemwambia taa ya duka ni mbovu. Ina afya kuliko mimi. Sijajipima miaka sita. Wengine wote mjini nimewapima.

4 Aprili

Tairi la pili, nyuma kulia, njia ya kwenda shule ya machimboni. Safari hii rimu nayo imepata ufa. Shemeji ameitazama, akaanza, "Shemeji, nilikwambia..." Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua mpaka alipomaliza.

5 Aprili

Nimeanza kulichukia kidogo. Kisha nikakaa ndani, mvua inagonga paa, kioo kikawa na ukungu, redio ikawa inaimba taratibu. Bado nalipenda.

12 Aprili

Lenzi za Pua zimefika! Nimezisaga mwenyewe leo kutwa, sikumwachia msaidizi wangu. Ni nene kandoni, kwa hiyo nimezichagulia fremu ndogo ya duara, zisimlemee. Nilipozipangusa mara ya mwisho nikaziinua dirishani, mtaa wote ukawa mdogo ndani yake, mwavuli, baiskeli, muuza mahindi, kila kitu na makali yake. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na tatu na bado inanifurahisha kama siku ya kwanza. Zote ishirini na sita ziko ndani ya sanduku, kila moja na mfuko wake.

Huwezi kuzituma kwa mtu. Kila pua ina mfupa wake na kila sikio lina kimo chake. Miwani isipokazwa usoni kwa mwenyewe inashuka, na ikishuka inaishia kwenye droo. Lazima niende mimi.

20 Aprili

Siku mbaya. Niandike yote ipite.

Tuliondoka saa mbili. Mvua ya juzi imeosha udongo wote wa barabara, yamebaki mawe yaliyosimama na makali yake juu. Nilikuwa natembea mwendo wa jongoo, na hata hivyo kabla hatujafika kileleni tairi la mbele likapasuka. Tukaweka la akiba. Tukafika kileleni, mwanzo wa mteremko. Chini kona zote saba zinatiririka maji. Sina tena la akiba. Nikazima gari.

"Tunashuka au hatushuki?" Bwana Gia akauliza.

"Nafikiri."

"Ukishuka kama ulivyoshuka Machi, breki kutwa, magurudumu yatafunga kwenye tope utateleza. Mama, hizo breki za kusimamia. Za kushukia ni gia."

Hapo ndipo nilipopasuka mimi. Nikamwambia amenichosha na gia zake. Nikamwambia yeye hakuwepo siku ile pedali ilipoenda sakafuni. Nikamwambia aliye na leseni ni mimi. Neno hilo lilipotoka nilitamani kulirudisha kwa mikono miwili.

Alifungua mlango, akashuka kwenye mvua, akasimama barabarani akaniongoza kugeuza, mkono huu, mkono ule, polepole, kama alivyokuwa akiwaongoza wenzake zamani. Nikageuza. Tumerudi nyumbani, sanduku la miwani mapajani mwake, amelikumbatia lisitikisike.

21 Aprili

Mvua. Amekunywa chai peke yake barazani.

22 Aprili

Mvua.

23 Aprili

Asubuhi nimempelekea chai mwenyewe na nimekaa. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa lile neno."

Akapuliza chai yake muda mrefu. "Neno lenyewe ni la kweli. Leseni unayo wewe."

"Kweli si ruhusa ya kusema."

Akacheka kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa hajawahi kuniambia. Mwaka wake wa pili kazini alishuka mlima na mzigo wa saruji, akikanyaga breki njia nzima kama mimi, na zikachemka kama zangu. Alisimama kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Hakuumia mtu, lakini wiki mbili nzima alikuwa akiamka anatetemeka. Aliyemfundisha gia ni utingo wake mwenyewe, mtu aliyekuwa hajui kusoma. "Mimi sikusemi, Mama," akasema. "Mimi nakuogopea. Miaka minne nakaa pembeni yako nakanyaga sakafu, huoni?"

Sikuwahi kuona. Nilidhani anatingisha mguu kwa kuchoka. Nimemtazama mtu huyu kwa kila mashine niliyo nayo, mpaka nyuma ya jicho, na mguu wake sikuuona.

24 Aprili

Tumekwenda kwenye kilima cha machimbo ya zamani, hakuna watu. Kuna kitufe karibu na gia chenye picha ya mlima. Kimekaa hapo tangu tarehe mbili Machi na sijawahi kukigusa, nilidhani ni cha mapambo.

"Bonyeza. Hiyo ndiyo gia nzito. Sasa weka namba moja. Miguu yote miwili sakafuni."

"Yote miwili?"

"Yote miwili, Mama. Ukinyanyua mmoja nashuka."

Gari likaanza kushuka lenyewe, likinguruma chini chini, kama mzee anayeshuka ngazi ameshika ukuta. Sikukanyaga kitu. Nilipiga kelele njia nzima, lakini sikukanyaga. Tulipofika chini nikasema turudie. Tumerudia mara tisa. Mara ya tisa nilikuwa naimba.

29 Aprili

Huyu wa leo kaletwa na Mungu. Ameingia dukani jamaa mmoja wa suti, anataka miwani ya kuendeshea. Nje ameegesha gari kama langu, rangi nyeupe, limefungwa utepe. Anakodisha magari ya maharusi. Mjini wanamwita Bwana Harusi ingawa hajaoa. Nikamwuliza anaendeleaje na gari lake, akashika kichwa.

"Mama, usinikumbushe! Nilichukua la kawaida, nikapewa rimu za kumi na nane na matairi manene. Maharusi wanalalamika, wanasema kwenye picha linaonekana trekta. Nataka zile za ishirini, zinazong'aa. Naambiwa lazima ninunue kifurushi kizima na breki zake. Mimi natembea lami tu, mwendo wa polepole wa maharusi, breki kubwa za nini?"

Nikaweka chini kile nilichoshika. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu toka nje kidogo uangalie lile la kijani."

Alitoka bila kulipa wala kuchukua miwani. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya rimu yangu, anajitazamia meno.

4 Mei

Kutwa nzima kwa shemeji, mimi na Bwana Harusi, tunabadilishana. Magari mawili yamenyanyuliwa ubavu kwa ubavu bila miguu. Magurudumu yote, diski, kalipa, pedi, kila kitu kimetoka kwangu kikaenda kwake na cha kwake kikaja kwangu. Hata ile rimu yenye ufa Bwana Harusi kasema ataitengeneza, hajali.

Nilileta pamba yangu ya masikio. Sikuihitaji. Shemeji alifanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni na hakusema maneno ishirini. Alikuwa akifunga nati, anasimama, anaigusa tena, anaifungua, anafunga upya. Nilimpelekea chai, hakusikia. Mwisho nikamwuliza, "Shemeji, unaumwa?"

"Kwenye gurudumu naongea, shemeji," akasema bila kuinua kichwa. "Kwenye breki siongei. Ndani ya gari hili anakaa kaka yangu."

Nimetoa pamba mfukoni nikaitupa.

Aliendesha mwenyewe mara nne kuzunguka kituo cha mafuta, akisimamisha ghafla, akichungulia chini. Kisha akanikabidhi funguo, na ule mdomo ukafunguka tena kama bomba, mpaka getini.

Sasa nina breki ndogo. Ningeambiwa Machi kwamba nitazitoa zile kubwa kwa mikono yangu, ningemwambia anayesema akapimwe.

7 Mei

Mvua kubwa. Redio inasema itapungua mwisho wa wiki. Ilisema hivyo pia wiki jana.

9 Mei

Mwalimu mkuu amepiga simu. "Mama, siku tano zimebaki. Mtoto ananiuliza kila asubuhi." Nimemwambia keshokutwa, inyeshe isinyeshe.

11 Mei

Tumekwenda! Nimechoka mpaka kalamu nzito, lakini sitalala bila kuandika.

Saa moja na nusu tumeondoka. Mawe yote niliyoyajua kwa majina ya matusi yalikuwepo, yananisubiri. Gari likapita juu yake likibonyea, bofu, bofu, kama mtu anatembea kwenye magodoro. Nilikuwa nakaza meno kungoja ule mlio, haukuja. Pale tairi la kwanza lilipopasukia Bwana Gia akavua kofia kuliaga.

Kileleni nikasimamisha. Mvua ilikuwa nyepesi lakini mteremko wote ni tope jekundu, na kwenye kona ya tatu lori dogo limelala ubavu, halina mtu. Nikatazama pembeni. Bwana Gia alikuwa amekaza mguu wake wa kulia kwenye sakafu.

"Unaogopa?" nikamwuliza.

"Sana."

"Mimi pia."

"Basi tuko wawili. Bonyeza."

Nikabonyeza picha ya mlima. Namba moja. Miguu sakafuni. Likashuka likinguruma, kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu, ubavuni mwa lile lori, mkia ukaserereka kidogo kuelekea ukingoni, na mguu wangu ukaruka wenyewe kutafuta pedali. Nikaurudisha. Sijui niliurudishaje. Nikashika usukani tu, gari likajishika, likanyooka. Ya nne. Ya tano. Kwenye ya saba niligusa breki zangu ndogo mara moja, kwa sababu kulikuwa na mbuzi. Zilitosha kwa mbuzi.

Chini nimezima gari, nimelia kidogo, na nimefuta uso. Bwana Gia akasema, "Ningekuajiri." Kwa miaka thelathini na moja ya malori, najua watu aliowaambia maneno hayo hawafiki watatu.

Watoto walikuwa wamepangwa mstari. Nimeanza na wadogo, fremu baada ya fremu, kukunja nyuma ya sikio, kukaza, kulegeza. Pua alikuwa wa mwisho. Alikaa kwenye kiti amefumba macho. Nikamvalisha. Nikamwambia fumbua.

Akautazama ubao wa darasa, kisha dirisha, kisha akamgeukia mwalimu mkuu akamtazama sana.

"Mwalimu," akasema, "kumbe una vishimo mashavuni."

Mwalimu mkuu alitoka nje kupenga kamasi.

Ilibaki kumpima kusoma karibu, kuhakikisha hashushi tena pua. Nikatafuta kadi yangu ya maandishi madogo. Haimo. Nimeiacha juu ya meza ya duka, naiona kabisa ilipolala. Darasani vitabu vyote ni vya herufi kubwa.

"Ngoja," akasema Bwana Gia. Akaenda garini, akarudi na ile fomu ya oda kutoka kwenye kidroo. Akaikunjua, akageuza hadi ukurasa wa nane, akaweka kidole chini kabisa. "Hizi ni ndogo kuliko za kadi yako."

Pua akaishika. Nikamnyoosha mikono, karatasi ikae mbali na pua, mahali pa mtu mzima wa kawaida. Akakaa wima kama jaji, akasoma kwa sauti, bila kukwama hata neno moja:

"Kifungu cha arobaini na moja. Mnunuzi wa kifurushi cha breki kubwa ana nafasi ya kuchagua, badala ya rimu za inchi ishirini, rimu za inchi kumi na nane zilizopanuliwa kwa ndani ili kupokea breki hizo, bila nyongeza yoyote, iwapo ataomba ndani ya siku sitini tangu siku ya kukabidhiwa gari."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, vizuri zaidi.

Siku sitini zimeisha tarehe mosi Mei. Leo ni kumi na moja. Matairi matatu, rimu moja yenye ufa, ugomvi mmoja, breki zangu kubwa ziko harusini, na jibu limekaa miezi miwili na zaidi ndani ya kidroo, mbele ya magoti ya mume wangu. Na mimi ndiye ninayewauliza watu kutwa, mstari wa chini unauona?

Bwana Gia alikuwa ameshika nguzo ya darasa kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Watoto wakaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka. Mwisho nikacheka na mimi, mpaka nikakaa sakafuni.

Njiani kurudi nikamwuliza, "Baba, sema kweli. Ulikijua hicho kifungu?"

"Mimi mtu wa jicho moja," akasema, anatazama dirishani. "Nitajuaje?"

"Tangu lini?"

"Juzi. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kufutia kioo." Akarudisha uso barabarani. "Siku zilikuwa zimeshapita, Mama. Nikaona utaendesha vizuri zaidi usipojua."

18 Mei

Mvua imekatika. Jua limeingia dukani mpaka kwenye kabati la nyuma.

Mwalimu mkuu amepiga simu. Pua amemaliza karatasi zote. Karatasi ya mwisho dakika kumi zilibaki, msimamizi akamwona bado anasoma, akamwambia umemaliza, pumzika. Akajibu kwamba alikuwa anasoma jina la kiwanda cha uchapaji, lile dogo la chini kabisa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lipo.

Adhuhuri nimefunga mlango wa duka, nimekaa kwenye kiti cha wateja, na Bwana Gia amenishikia kadi. Mstari wa nne ukaniishia. Akaniuliza kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya dukani, "Na mstari wa chini, mama, unauona?" Nimemwambia siuoni.

Naandika hapa nikiwa nimevaa miwani. Nimeisoma shajara hii tangu mwanzo, mwandiko wangu kumbe umepinda hivi. Pale tarehe mbili Machi nimeandika kwamba fomu niliisoma yote. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikate mstari huo, Bwana Gia akaniwekea mkono. Amesema niuache, atakuwa anausoma siku akikosa cha kucheka.